Kabla ya Kukata Udata
Mhadhara kwa wakunga, wauguzi na wazazi



Nimeombwa nizungumze juu ya udata, na kabla sijafika hapa mbele nimeshikwa mkono mlangoni na watu kadhaa wanaotaka jibu moja tu: mtoto akatwe au asikatwe? Basi nitangulize jibu, msikae roho juu. Wapo watoto wanaofaa kukatwa, na kwao ni jambo jema na la dakika chache. Lakini wengi wanaoletwa ili wakatwe, tatizo lao haliko chini ya ulimi peke yake, na wengine haliko hapo kabisa. Muda uliobaki nitautumia kueleza tunavyowatambua hawa na wale, na namna ya kumsaidia mtoto mwenye udata kwa mwili wake wote, yaani mdomo, shingo, mgongo, na mama anayempakata, awe atakatwa au hatakatwa.

Ule utando ulio chini ya ulimi tunao sote. Simama mbele ya kioo, nyanyua ulimi, utauona. Tunasema mtoto ana udata pale utando huo unapokuwa mfupi au mnene, au umeshikia karibu mno na ncha, hata ulimi ukashindwa kuinuka, kutoka nje ya fizi au kwenda pembeni. Akilia, ncha huvutwa katikati ikawa na umbo la moyo. Huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na hufuata ukoo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikadiria kuwa wanao watoto kama 8 kati ya 100 wenye umri wa chini ya mwaka mmoja, ingawa idadi hubadilika sana kutegemea nani anatazama na anatumia kipimo gani.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kuwa udata ni uzi, kamba iliyofunga ulimi, na kamba dawa yake ni mkasi. Mwaka 2019 Nikki Mills, daktari wa masikio, pua na koo wa watoto huko Auckland, New Zealand, pamoja na wenzake, walionyesha kuwa picha hiyo si sahihi. Walichokikuta ni tabaka jembamba lililotandaa kwenye sakafu yote ya mdomo. Tandaza khanga kitandani, ibane katikati kwa vidole viwili, uinyanyue: mkunjo unaotokea ndio tunaouita udata. Ulimi ukilala, mkunjo hauonekani. Jambo hili lina matokeo mawili kwa kazi yetu. Kwanza, kuuona mkunjo hakutuambii kama ulimi unafanya kazi au haufanyi. Pili, chini tu ya tabaka hilo hupita matawi ya mshipa wa fahamu unaoupa ulimi hisia, na kando yake kuna mishipa ya damu na matundu yanayotoa mate. Anayekata kwa kina hajui amegusa nini.

Na sisi huku tuna historia ya kukata. Hapa simung'unyi maneno. Mtoto akikohoa sana, kimeo kinalaumiwa, kinakatwa. Akiharisha na fizi zikivimba, inasemekana ana meno ya plastiki, na vichipukizi vya meno yake vinachokolewa. Akisumbua kunyonya au akichelewa kusema, ni udata. Wembe ni uleule, au msumari uliochongwa, au kipande cha uzi kinachofungwa na kukazwa. Watoto wanaotokwa damu hadi kupauka, au wanaopata maambukizi, hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, na mara nyingi wazazi hawasemi kilichotendeka kwa sababu wanaogopa kugombezwa. Nawaomba wauguzi wenzangu tuache kuwagombeza. Mzazi aliyekwenda kwa mganga alikwenda kwa sababu mtoto alikuwa na shida ya kweli, na pengine sisi tulimwambia arudi wiki ijayo.

Wala tusidhani wenzetu wa mbali wameepuka mkumbo. Katika takwimu za watoto waliolazwa hospitalini Marekani, waliotajwa kuwa na udata walikuwa takriban 3,900 mwaka 1997. Kufikia mwaka 2012 walikuwa karibu 32,800. Ndimi za watoto hazikubadilika kwa miaka 15. Kilichobadilika ni kwamba akina mama wengi walirudi kunyonyesha, wakakutana na maumivu, na wapo waliowauzia jibu la haraka, sasa kwa mwanga wa leza badala ya wembe. Nako Brazil, mwaka 2014 walipitisha sheria namba 13.002 inayolazimisha kila mtoto anayezaliwa akaguliwe ulimi. Sheria ile naiheshimu kwa nia yake, lakini kwa mtazamo wangu imeshika upande usio wenyewe. Inatafuta ulimi mfupi kwa watoto wote, wakiwemo wanaonyonya vizuri na mama zao hawana maumivu. Mtoto wa namna hiyo hana ugonjwa.

Je, kukata kunasaidia? Mapitio ya mwaka 2017 ya mtandao wa watafiti wa Cochrane yalikusanya majaribio matano yenye watoto 302. Yalikuta kuwa kukata kunapunguza maumivu ya chuchu za mama kwa muda mfupi. Kuhusu mtoto kunyonya vizuri zaidi, majaribio hayakuafikiana. Baadaye Uingereza walifanya jaribio lililoitwa FROSTTIE, wakagawa watoto 169 katika makundi mawili: kundi moja likatwe na kupewa msaada wa kunyonya, jingine lipewe msaada tu. Walipofikia miezi mitatu, karibu watoto tisa kati ya kumi katika kila kundi walikuwa bado wanapata maziwa ya mama. Wazazi nao hawakungoja sayansi: wengi wa kundi la kutokatwa waliwapeleka watoto wao wakakatwe hata hivyo, kwa hiyo ubishi haukuisha. Unaonivutia zaidi ni utafiti wa Boston, uliochapishwa mwaka 2019. Watoto 115 waliotumwa kwa daktari ili wakatwe walitazamwa kwanza wakinyonya, na timu yenye mtaalamu wa ulaji wa watoto. Baada ya kusaidiwa, 63 hivi kati ya kila 100 hawakukatwa. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwongozo unaofuata njia hiyo hiyo: anza na msaada usio wa kisu, na uamuzi wa kukata ufanywe na zaidi ya mtu mmoja.

Sasa tuone kumtazama mtoto akinyonya maana yake nini, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Alikuja mama kijana, uzazi wake wa kwanza, mtoto ana siku 12, ameongozana na mama mkwe. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Huyu mkate tu, tuondoke. Baba yake naye alikatwa." Bibi alikuwa na hoja, kwa sababu udata hufuata ukoo, na nilipomchungulia mtoto, kweli utando ulikuwa mfupi. Nikamwomba mama anyonyeshe kwanza. Alikaa kwenye ukingo wa benchi, akainama, mabega yamepanda hadi masikioni. Mtoto alikuwa amefungwa ndani ya vitambaa vitatu, amelala chali mapajani, na uso wake umegeuzwa pembeni kufuata titi. Alishika chuchu tupu. Kila baada ya mfyonzo mmoja au miwili ulisikika mlio wa tk, tk, ulimi ukiachia. Mashavu yalibonyea. Titi la kushoto alilikubali. La kulia alilia akalikataa. Chuchu ilipotoka mdomoni ilikuwa imebanwa upande mmoja, na mstari mweupe umekatiza juu yake.

Hebu fanyeni jambo moja hapo mlipo. Geuzeni uso mpaka kidevu kiguse bega, kisha mmeze mate. Naona mnacheka. Ndivyo tunavyotaka mtoto wa siku 12 ale chakula chake chote.

Nilipomvua vitambaa nikaona jingine: kichwa chake kilipenda kulia, na nikimvutia kwa sauti ya mama kwenda kushoto, kilifika katikati kikaishia hapo. Uchungu ulikuwa mrefu, na alizaliwa kwa kuvutwa na vakamu. Shingo ilikuwa imekaza upande mmoja. Mtoto mwenye shingo ya namna hiyo hawezi kufungua taya sawasawa pande zote mbili, na titi analolikataa ni lile linalomlazimisha kugeukia upande unaouma. Ukimkata ulimi, shingo itabaki vilevile.

Tukamwegemeza mama nyuma kwa mito, nusu ya kulala, mabega yakashuka. Mtoto akawekwa kifudifudi kifuani, ngozi kwa ngozi, tumbo juu ya tumbo, nyayo zimepata mahali pa kukanyaga. Mtoto anapolala hivyo, uzito wa mwili wake humsogeza mbele, na ulimi wenyewe huanguka mbele badala ya kurudi nyuma kooni. Hatukumsukuma kichwa. Alitikisa uso huku na huku, kidevu kikagusa titi kwanza, mdomo ukafunguka kwelikweli, akachukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, zaidi upande wa chini. Mlio ukapungua. Tukaanza kusikia anavyomeza. Bibi ndiye aliyesikia wa kwanza, akasema, "Haya, sasa huyo anakula."

Mtoto hakupona pale pale. Tulimpima uzito, tukapanga arudi baada ya siku tatu, na kwa siku hizo mama alikuwa akikamua maziwa yanayobaki baada ya kunyonyesha na kumpa kwa kikombe kidogo. Hili nalisisitiza: mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kujifunza kunyonya, na titi lisilotolewa maziwa hupunguza kutengeneza. Kwa hiyo tunashibisha tumbo na kulinda maziwa ya mama wakati tukirekebisha mengine. Kipimo chetu kilikuwa mizani. Mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, kwa kawaida asilimia 7, hata kufikia 10 ya uzito wa kuzaliwa. Kufikia wiki mbili awe ameurudia, na kuanzia hapo aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku. Baada ya siku ya tano, nepi zilizolowa zisipungue sita kwa siku. Yule mtoto aliongezeka, chuchu za mama zikapona, na ulimi wake ni mfupi hadi leo.

Huduma ya shingo na mwili mzima haihitaji mashine. Mtoto akiwa macho, mlaze kifudifudi kifuani pako mara kadhaa kwa siku, dakika chache chache kwa mwanzo. Shingo hupata nguvu, mabega hufunguka, na taya hufuata. Kulala usingizi ni chali, hilo halibadiliki. Badilisha mkono unaompakatia. Ukimbeba mgongoni, shavu analolaza juu ya mgongo wako lisiwe lilelile kila siku. Msemeshe kutoka upande asioupenda ili ageuke mwenyewe. Shingo isipolegea kwa wiki mbili tatu, aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa mdomo, nawa mikono, kata kucha, mpe kidole kidogo akinyonye pedi ikiwa juu, kisha pitisha kidole taratibu juu ya fizi ya chini, kushoto kwenda kulia. Ulimi utakifuata. Huo ni mchezo. Akigeuza uso, umekwisha.

Na hapa nawageukia akina bibi wa Pwani. Kumkanda mtoto kwa mafuta ya nazi baada ya kuoga ni hazina. Mikono inayomkanda mtoto kila siku hujua kabla ya daktari kwamba upande mmoja umekaza, kwamba bega hili halishuki. Ulaya na Marekani wazazi wanalipa fedha nyingi kwa watu wa kuwagusa watoto wao hivyo. Wapo huko wanaodai kwamba kwa kugusa fuvu taratibu wanaondoa hata madhara ya udata. Ushahidi wa madai hayo ni haba. Jaribio dogo la Kanada la mwaka 2017, lenye mama na watoto 97, lilikuta kuwa tiba ya mikono ya osteopathia ikiongezwa juu ya ushauri wa kunyonyesha iliwasaidia watoto kushika titi vizuri zaidi. Mimi nachukua hapo kiasi kidogo tu: mguso mpole unamtuliza mtoto na mama, na mtoto aliyetulia hunyonya vizuri. Utando haulegei kwa kukandwa. Na bibi zangu, naomba baadhi ya mambo yaachwe: kumning'iniza mtoto kwa miguu au mikono, kuvuta shingo, kubonyeza utosi, kumwaga mafuta puani. Asali nayo asilambishwe mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza misuli ya mtoto mchanga.

Yupo na yule anayehitaji kukatwa. Ulimi wake haufiki juu ya fizi ya chini, mama amesaidiwa vizuri kwa siku kadhaa na bado chuchu zinachanika, uzito wa kuzaliwa haujarudi baada ya wiki mbili, na shingo tumeishughulikia. Kumwambia mama huyo avumilie ni ukatili. Atahamia kwenye chupa, na pengine hana maji salama ya kuiandaa. Apelekwe. Daktari au mtaalamu wa meno aliyefunzwa humfunga mtoto kwa kitambaa, huinua ulimi, hukata sehemu nyembamba isiyo na mishipa kwa mkasi uliochemshwa na kutakaswa, na damu huwa matone machache. Mtoto arudishwe kwenye titi hapo hapo. Kunyonya kunamtuliza na kusaidia damu isimame. Siku zinazofuata kutakuwa na doa jeupe au la manjano chini ya ulimi, ambalo wengi hulidhani usaha, kumbe ni kidonda kinachopona. Leza haijathibitika kuushinda mkasi.

Kabla ya kukata, maswali mawili. Mtoto alichomwa sindano ya vitamini K alipozaliwa? Na je, kwenye ukoo wa mama kuna mjomba aliyetokwa damu nyingi isiyokoma alipotahiriwa? Ugonjwa wa damu kutoganda hupita kwa akina mama bila wao kuugua, hukaa kimya, na hujitokeza kwa watoto wa kiume. Mjomba huyo akitajwa, mkasi unawekwa chini mpaka damu ipimwe.

Baada ya kukatwa, huenda mtaambiwa na watu au mtaona kwenye video kwamba kidonda kinasuguliwa kwa kidole mara kadhaa kwa siku ili kisishikane tena. Mwongozo wa 2024 nilioutaja hauungi mkono zoezi hilo. Fikirieni wenyewe: mtoto anayechokonolewa kidonda kutwa atakiona kila kinachokuja mdomoni kama adui, titi likiwemo. Mwacheni anyonye. Ndilo zoezi lenyewe. Na yale ya kifuani, shingoni na kwenye mito yanaendelea kama kawaida, kwa sababu ulimi uliofunguliwa leo bado una mazoea ya jana.

Nimalizie na suala la kusema, maana najua nusu ya ukumbi imekuja kwa ajili yake. Udata haumzuii mtoto kuanza kusema. Maneno hutengenezwa kwenye ubongo na huingia kwa masikio. Ulimi unakuja kumalizia tu, na kwa sauti nyingi hauhitaji kuinuka sana. Mama, baba, bibi: hakuna hata sauti moja hapo inayodai ncha ya ulimi. Watafiti wa Australia mwaka 2020 walilinganisha matamshi ya watoto wadogo waliokatwa udata, wenye udata ambao hawakukatwa, na wasio nao kabisa. Hawakuona tofauti ya maana. Sauti ya r ni ya mwisho mwisho kukomaa, mtoto wa miaka minne akisema "kalamu" kwa "karamu" hana kosa. Na kama kubadilisha r na l kungekuwa dalili ya udata, tungekuwa na wilaya nzima nzima za kupeleka hospitali.

Hatari ya imani hii ni muda unaopotea. Mtoto wa miaka miwili asiye na maneno apimwe masikio kwanza, hasa kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, alipata manjano kali akiwa mchanga, au anatokwa usaha masikioni. Masikio yakiwa mazima, atazamwe anavyocheza, kama anakutazama usoni, kama anaonyesha kitu kwa kidole. Wanaokatwa udata kwanza hukaa wakingoja maneno mwaka mzima, na mwaka huo ndio ambao kifaa cha masikio au mafunzo ya mapema yangewafaa zaidi. Tofauti ni yule wa miaka minne au mitano anayesema sana, ila t, d, r na th zinamkwama, na ncha ya ulimi haifiki nyuma ya meno ya juu wala hailambi mdomo wa juu. Huyo aonwe na mtaalamu wa matamshi. Kukatwa kunaweza kujadiliwa, wazazi wakijua kuwa mazoezi ya matamshi yatakuwepo hata baada ya hapo.

Akina mama wenye wachanga, naomba msiondoke. Chumba cha pili kuna mizani na viti vya kuegemea, na wenzangu watawatazama mmoja mmoja mkinyonyesha wakati hapa tunapokea maswali.